Ladha ya Samaki Hulindwa Tangu Baharini

Ladha ya samaki aliyevuliwa punde huanza kubadilika tangu anapotolewa majini, na sehemu kubwa ya kazi ya kuilinda hufanyika kabla hajafika jikoni. Jambo la kushika tangu mwanzo ni moja: viungo huikoleza ladha iliyopo, haviirudishi iliyokwisha potea. Mpishi akiletewa samaki aliyeshinda juani, hata amtie thomu, tangawizi, bizari na ndimu kapu zima, atapata mchuzi mzuri wenye samaki mbaya ndani yake.

Pwani ya Malindi ina samaki wa aina nyingi, na kila aina ina tabia yake. Ndani ya mwamba na kandokando yake huvuliwa changu, tafi, pono, mkundaji na tewa. Nje, kwenye maji makuu, kuna nguru, jodari, kolekole, fulusi na sulisuli. Majira nayo yana neno lake. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, vyombo huenda mbali, na samaki wakubwa wa maji makuu huonekana kwa wingi ufuoni. Kusi ikianza kuvuma mawimbi hupanda, wavuvi wengi wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba, na kitoweo cha mji huwa zaidi changu, tafi na pono. Kwa hivyo mpishi mwenye busara hajiulizi tu, "Leo nipike nini?" Huuliza kwanza, "Leo bahari imetoa nini, na kwa mtego gani?"

Kwa nini mtego uwe na maana kwa mpishi? Kwa sababu namna samaki alivyokufa hubaki ndani ya nyama yake. Samaki wa dema, yaani mtego wa kusukwa, hutolewa akiwa hai, mara nyingi hana hata mkwaruzo. Samaki wa mshipi hupanda chomboni akiwa hai pia, na mvuvi akimmaliza mara moja nyama hubaki imara. Jarife, yaani wavu wa kutega, ni habari nyingine. Likitegwa jioni na kuvutwa alfajiri, baadhi ya samaki waliomo watakuwa wamekufa saa nyingi zilizopita, baada ya kuhangaika mno wakijaribu kujinasua. Samaki anayehangaika hutumia nguvu yote iliyohifadhiwa katika misuli yake. Akifa katika hali hiyo mwili hukakamaa haraka, kisha hulegea haraka, na nyama huwa laini isivyo kawaida. Wajapani wamelifanya jambo hili kuwa ufundi kamili: samaki huchomwa kwenye ubongo kwa ncha kali mara tu anapotolewa majini, kisha hutolewa damu. Wavuvi wa pwani hii wengi humpiga samaki kichwani kwa rungu dogo, na kazi ni ile ile. Anayemwacha samaki arukeruke chomboni hadi afe mwenyewe, pamoja na kumtesa bure, anapunguza thamani ya mali yake.

Baada ya kumuua, damu. Kwa samaki mdogo kama mkundaji hili si jambo kubwa. Lakini kwa jodari, nguru na kolekole ni jambo kubwa sana, kwa kuwa samaki hao ni waogeleaji wa mwendo mrefu na miili yao imejaa damu. Damu ikibaki ndani hugeuka nyeusi, huharakisha kuoza, na hutia nyama ladha kama ya chuma. Mvuvi hukata matamvua, yaani zile nyuzi nyekundu zilizo chini ya mashavu ya samaki, au hukata koo chini yake, kisha humtumbukiza samaki katika maji ya bahari kwa dakika chache ili damu itoke. Kazi hii lazima ifanyike mapema. Moyo ukishasimama na damu ikaganda, haitoki tena hata samaki akioshwa mara ngapi. Ndiyo maana jodari mwenye nyama ya rangi safi na jodari mwenye nyama nyeusi huweza kuwa wametoka katika chombo kimoja, siku moja. Tofauti yao ni kisu kilichotumika au kisichotumika.

Sasa joto, ambalo ndilo adui mkubwa kuliko wote. Wasikilizaji, bahari ya Malindi ni ya joto, na hewa juu yake ni ya joto zaidi. Bakteria walio kwenye ngozi, matamvua na matumbo ya samaki huzaliana upesi mno katika hali hiyo. Saa chache za jua la mchana humharibu samaki kuliko siku kadhaa za barafu. Na barafu ina habari njema kwa watu wa pwani: samaki wa bahari za joto, akiwekwa barafuni mapema, kwa kawaida hudumu kuliko samaki wa bahari za baridi, kwa sababu bakteria wake wamezoea joto na baridi huwalemaza vibaya. Kwa hiyo gharama ya barafu huku kwetu inalipa.

Barafu inavyotumika nayo ina utaratibu. Bonge kubwa lililotupwa juu ya samaki hupoza pale linapogusa tu. Barafu iliyopondwa ndogondogo humzunguka samaki pande zote, na ikichanganywa na maji safi ya bahari hupoza upesi zaidi, kwa kuwa maji hupenya hadi mahali ambapo vipande vya barafu havifiki. Katika joto letu, kilo moja ya samaki yafaa ipate takriban kilo moja ya barafu. Na pasipokuwa na barafu? Hapo dawa ni kivuli na unyevu: samaki hufunikwa kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, akawekwa mahali penye upepo, na safari ya kurudi nchi kavu ikafupishwa. Hilo si badala ya barafu. Ni kununua muda mdogo tu.

Hapa pana tahadhari ambayo kila nyumba inapaswa kuijua. Jodari, nguru, vibua na jamaa zao wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini. Mtu akimla samaki wa namna hiyo, baada ya muda mfupi uso humwiva mwekundu, kichwa humuuma, moyo humwenda mbio, ngozi humwasha. Wengi hudhani ni mzio. Histamini haiondolewi na moto. Samaki akichemshwa, akikaangwa, akibanikwa, kemikali ile ipo pale pale. Tena samaki anaweza kuwa nayo bila kunuka. Hakuna kiungo wala upishi unaomwokoa jodari aliyekaa saa nyingi bila baridi. Kinachomwokoa ni barafu ya mapema.

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: je, samaki aliyetoka majini sasa hivi ndiye mtamu kuliko wote? Watu wengi wa pwani watajibu ndiyo bila kusita. Ukweli una pande mbili. Samaki akifa, mwili wake hulainika kwa muda, halafu hukakamaa kama ubao, halafu hulainika tena. Akipikwa wakati amekakamaa, nyama hujikunja, hupasuka, na hutoa maji mengi. Zaidi ya hayo, ule utamu mzito unaosikika katika supu ya samaki hutokana na kitu kinachozalishwa ndani ya misuli baada ya samaki kufa, si kabla. Kitu hicho hufikia kilele, kisha nacho huvunjika na kuacha uchungu. Samaki mdogo kama tafi hupitia hatua hizi haraka, na wakati wake mzuri ni siku ile ile. Nguru mkubwa au jodari, aliyetolewa damu na matumbo na kulazwa barafuni, mara nyingi huwa mtamu zaidi siku ya pili kuliko saa ya kwanza. Neno muhimu hapo ni barafuni. Bila barafu, siku ya pili haipo.

Mwenye kununua ufuoni humtambuaje samaki aliyetunzwa? Macho huwa angavu na yametokeza. Matamvua huwa mekundu, si ya kahawia wala ya kijivu. Magamba hushikilia ngozi. Nyama ikibonyezwa kwa kidole hurudi. Na harufu huwa ya bahari na mwani, si ile harufu kali inayogonga puani mtu akiwa bado hatua 3 mbali. Samaki aliyekakamaa, ambaye akishikwa kichwa mkia haulegei, ni dalili nzuri kabisa: hajamaliza saa nyingi tangu afe, au amekaa vizuri barafuni. Yafaa kuangalia matamvua kwanza. Macho ya aina fulani za samaki hufifia mapema hata wakiwa wazima, lakini matamvua ni vigumu kudanganya.

Tufike kwenye kisu. Kabla ya yote kuna kupara magamba, kuanzia mkiani kuelekea kichwani, kwa mgongo wa kisu au kipario. Samaki akiloweshwa kidogo magamba hayaruki ovyo. Tafi ana magamba madogo mno, ngozi yake ni kama haina kitu, kwa hiyo wengi hawampari. Lakini tafi ana miiba yenye sumu mgongoni na tumboni, na anayemshika bila kujua hukumbuka siku nyingi. Miiba hiyo hukatwa kwa mkasi kabla ya kazi nyingine yoyote. Aliyechomwa huloweka mkono katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kwa kuwa joto huiharibu sumu ile na maumivu hupungua.

Kisha matumbo, na hapa tafi ana somo lake tena. Tafi hula mwani na majani ya baharini. Tumbo lake hujaa mboga ambayo huanza kuchacha mara tu anapokufa, na ile harufu hupenya katika nyama ya tumbo kwa haraka ya kushangaza. Watu wanaosema tafi ananuka hawajamla tafi aliyetumbuliwa mapema. Wamemla aliyefika sokoni na matumbo yake. Akipasuliwa ufuoni, ndani ya saa ya kwanza, tafi ana nyama tamu yenye mafuta ambayo samaki wachache wa ndani ya mwamba wanaifikia. Pono naye hula mwani na hukwangua matumbawe, naye pia hataki kucheleweshwa.

Kisu huingia karibu na tundu la haja na kupanda hadi chini ya kidevu, ncha ikielekezwa juu ili isitoboe matumbo. Nyongo, ule mfuko mdogo wa kijani uliojibanza kwenye ini, hutolewa nzima. Ikipasuka, sehemu iliyoguswa huoshwa hapo hapo, maana uchungu wake hauondoki kwa kupikwa. Baada ya matumbo kutoka, ndani kabisa, kandokando ya uti wa mgongo, huonekana mstari mweusi uliofunikwa na utando mwembamba. Hiyo ni damu na figo. Wengi huuacha, na hapo ndipo harufu ya samaki wa nyumbani inapoanzia. Utando huchanwa kwa ncha ya kisu, na damu ile hukwanguliwa kwa ukucha au kijiko hadi mfupa uonekane mweupe. Matamvua nayo hutolewa yote, hasa kichwa kikikusudiwa supu. Kichwa cha changu au cha tewa chenye matamvua ndani yake hutoa supu chungu, na kichwa hicho hicho kikisafishwa hutoa supu ambayo wazee wengi huipenda kuliko mnofu.

Maji ya kuoshea ni suala jingine. Samaki mzima huoshwa vyema kwa maji safi ya bahari, kwa kuwa hayamnyonyi ladha. Lakini ni maji ya wapi? Mto Galana, ambao karibu na pwani huitwa Sabaki, humwaga maji yake kaskazini ya mji wa Malindi, na nyakati za mvua huleta tope jekundu linaloipaka ghuba nzima rangi ya chai. Maji hayo ya kando hayafai kusafishia chakula. Mvuvi anayetumbua samaki akiwa bado nje kwenye maji ya buluu, kabla ya kurudi, anamfanyia mnunuzi hisani kubwa. Nyumbani, maji ya bomba yanatosha, ila samaki asuuzwe haraka na afutwe. Minofu iliyokwisha kukatwa isilowekwe kwenye beseni la maji. Kila dakika inayopita humo, maji huondoka na sehemu ya utamu wake.

Sasa ile harufu ambayo watu huiita shombo. Inatoka wapi? Samaki wa baharini wana kitu ndani ya nyama kinachowasaidia kuishi ndani ya maji ya chumvi. Kitu hicho chenyewe hakinuki. Samaki akishakufa, bakteria hukigeuza kuwa hewa yenye shombo. Kwa hivyo shombo kali ni kipimo cha muda na joto, si tabia ya samaki. Na ndiyo sababu ndimu na ukwaju vina kazi ya kweli: uchachu huifunga ile hewa isiruke puani. Samaki wa mito hawana kitu hicho kwa kiasi cha kutajika. Trauti, samaki aliyeletwa katika mito ya baridi ya Mlima Kenya na Nyandarua enzi za ukoloni, hana shombo la bahari. Akiwa na kasoro, mara nyingi huwa ladha ya udongo inayotokana na vijidudu vya majini. Lakini kanuni za kumtunza ni zile zile za changu: auawe upesi, atumbuliwe upesi, mstari wa damu mgongoni ukwanguliwe, awekwe kwenye baridi, na apikwe kwa vitu vichache. Wapishi wa trauti hutumia chumvi, siagi na ndimu, basi.

Ndimu inasaidia, lakini inaweza pia kuharibu. Je, samaki akae ndani ya ndimu muda gani? Desturi ya kumlaza samaki katika ndimu na viungo tangu asubuhi hadi jioni imeenea, na ni vyema iachwe. Uchachu hufanya kazi kama moto: huigandisha nyama, ikawa nyeupe na ngumu hata kabla ya kuona jiko. Kisha moto wa kweli ukija, nyama hukauka. Nusu saa inatosha kwa samaki mzima, na robo saa kwa vipande vyembamba. Chumvi ndiyo inayostahili kutangulia. Samaki akinyunyizwa chumvi ndani na nje, akaachwa kama nusu saa, hutoa maji kidogo, nyama hukaza, na ladha huingia ndani. Maji yale hufutwa, na hapo ndipo ndimu, thomu na pilipili zinapopakwa.

Upishi wenyewe una msingi mmoja unaostahili kurudiwa: samaki huiva upesi. Nyama ya ng'ombe ina kano zinazohitaji muda. Ya samaki haina kano za namna hiyo. Nyama ikiacha kuwa na ule mwangaza kama wa kioo, ikawa nyeupe hadi karibu na mfupa, na ikaachana na mfupa inaposukumwa kwa ncha ya kisu, samaki ameiva. Matone meupe yakianza kutoka na kuganda juu ya ngozi, moto umekwisha kupita kiasi.

Kwa samaki aliyevuliwa siku hiyo hiyo, kubanika ndiko kunakomheshimu zaidi. Tafi na changu ndio wafalme wa upishi huu. Samaki hupigwa chale 3 au 4 kila ubavu, za kina cha kugusa mfupa, ili moto na chumvi vifike pamoja pande zote. Makaa huachwa hadi ndimi za moto ziishe na jivu jepesi liyafunike. Wavu hupashwa kwanza, kisha hupakwa mafuta, na ngozi ya samaki hufutwa ikauke kabisa. Ngozi yenye maji hunata, na samaki akigeuzwa huacha nusu ya mwili wake kwenye wavu. Hugeuzwa mara moja tu. Baadhi ya wavuvi humbanika samaki na magamba yake, kisha huivua ngozi yote kama ganda. Nyama hutoka na maji yake yote ndani, nyeupe, inanukia moshi kwa mbali. Huyo hahitaji zaidi ya chumvi, ndimu ya kukamua mezani na pilipili.

Samaki wa kupaka huanzia hapo hapo kwenye makaa. Hubanikwa hadi akaribie kuiva, si hadi aive. Pembeni, tui zito hupikwa na thomu, tangawizi, bizari, pilipili na ukwaju, likikorogwa polepole hadi lishikane. Kisha samaki hupakwa tui hilo, hugeuzwa, hupakwa tena, kila tabaka likikaushwa na joto kabla ya jingine. Kilifi ni nchi ya minazi, na hakuna sababu ya mpishi wa hapa kutumia tui la kopo wakati nazi iko nje ya mlango. Nazi ikunwe siku hiyo hiyo, na ile kasimele, tui la kwanza, iwekwe kando.

Katika mchuzi wa nazi, mpangilio ndio unaoleta tofauti. Tui jepesi hutangulia, pamoja na kitunguu, nyanya, bizari na embe mbichi au ukwaju, likachemka hadi viungo vikubaliane. Ndipo samaki anapoingia, na kasimele hufuata mwisho. Kuanzia hapo moto hupunguzwa, maana kasimele ikichemka kwa nguvu hukatika, mafuta yakaelea peke yake. Samaki asikorogwe kwa mwiko. Chungu hushikwa masikio yake na kutikiswa. Pono, ambaye nyama yake ni laini, huvunjika vipande akiguswa mara mbili.

Chukuchuku ni upishi unaostahili kuzungumzwa zaidi kuliko unavyozungumzwa. Maji kidogo, chumvi, ndimu au ukwaju, kitunguu, nyanya, pilipili, na samaki mbichi kabisa. Hakuna tui wala mafuta ya kuficha lolote, kwa hiyo samaki aliyechoka hujulikana papo hapo, na samaki mzima hutoa supu ambayo hakuna mchuzi mwingine unaoishinda. Anayetaka kujua kama amenunua vizuri na ampike chukuchuku.

Kukaanga ni kazi ya mama karanga, wale kina mama wanaosimama ufuoni asubuhi kununua, na jioni wakaonekana kando ya barabara na karai zao. Samaki wao hukaangwa hadi akauke, na wapo wanaolalamika kwamba amekuwa mkavu. Lakini samaki yule anatakiwa akae saa nyingi bila friji, hivyo ukavu wake ndio ulinzi wake, na mamia ya familia za mji huu hupata kitoweo kwa njia hiyo. Nyumbani, ambako samaki ataliwa moto, hakuna haja ya kumkausha namna ile. Mafuta yawe ya moto kabla samaki hajaingia, samaki awe amefutwa maji, na karai isijazwe, maana mafuta yakipoa samaki huyanywa badala ya kuiva ndani yake. Mafuta yaliyotumika hadi yakawa meusi yamwagwe. Uchungu wake huingia kwenye nyama, na changu mzuri wa asubuhi huwa amepotea bure.

Jodari hakubali kupikwa sana. Vipande vyake huwekwa vinene, ule mstari mweusi wa nyama ya damu ubavuni huondolewa na wasioupenda ukali wake, na mchuzi mzito wa ukwaju humfaa kuliko maji mengi. Nguru hukatwa vipande vya mviringo na hukauka upesi, basi asipite muda. Papa na taa wana utaratibu wao peke yao, kwa sababu damu yao ina kitu kinachogeuka kuwa harufu kama ya mkojo. Wao huchemshwa kwanza na maji yale kumwagwa. Na sulisuli, ambaye nyama yake ni kavu na ngumu kidogo, amepata umaarufu Malindi kwa kufukizwa moshi na kukatwa vipande vyembamba vyembamba, vikaliwa na ndimu.

Waitaliano, waliohamia Malindi kwa wingi katika miongo iliyofuata kujengwa kwa kituo cha anga cha San Marco kule Ngomeni miaka ya 1960, wameuzoesha mji huu samaki asiye na viungo vingi: chumvi, mafuta ya zeituni, ndimu, moto mfupi. Upishi huo hukaribiana sana na wa mvuvi anayebanika tafi ufuoni. Wao pia hula samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba. Anayetaka kufanya hivyo ajue kwamba samaki wa bahari wanaweza kuwa na minyoo, na wataalamu wa usalama wa chakula hushauri agandishwe vikali kwa siku kadhaa kwanza.

Neno la tahadhari kabla ya kuagana: bunju, yule anayejivimbisha kama mpira, asiliwe. Sumu yake huua, na haiondoki kwa moto, kwa ndimu wala kwa kisu cha fundi wa nyumbani. Watoto wanaocheza ufuoni waambiwe hivyo mapema.

Anayekwenda ufuoni kesho asubuhi na abebe ndoo yenye kifuniko na barafu iliyopondwa, aangalie matamvua kabla ya kuuliza bei, na amwombe mvuvi amtumbulie samaki pale pale kabla jua halijapanda.